Ulipewa Utunze, Hukupewa Uuze

Mpenzi msomaji, huenda hata nawe nyumbani kwako una kitu ambacho si chako. Labda ni masanduku ya jirani aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi. Labda ni cherehani ya shangazi aliyerudi mashambani, au vyombo vya rafiki aliyehama nyumba ghafla. Mwenyewe alikwambia, "Nitunzie tu, nitarudi." Ukaitikia. Sasa miaka imepita, kitu kimeshika vumbi, nawe umeanza kukitazama kwa jicho jingine.

Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na hatimiliki ya ploti ndogo kule Kitengela. Marehemu kaka yangu alinikabidhi bahasha hiyo mwaka 2011, akiwa kitandani na sauti imeshaanza kumpotea. Aliniomba nimtunzie bintiye, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, mpaka awe mtu mzima. Nikamshika mkono, nikakubali. Nikaiweka bahasha kabatini chini ya mablanketi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 akaja mtu aliyetaka kuinunua ploti ile. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Nami nilikuwa na sababu zangu, tena zenye mashiko. Nguzo za ua zilikuwa zikiibwa kila mwezi. Msichana alikuwa chuo kikuu na karo ilikuwa mzigo. Nikajiambia kwamba fedha hizo zitamsomesha mwenyewe, na kitakachobaki kitanisaidia kukarabati paa langu, kwani mimi ndiye niliyemlea. Kumuuliza? Niliona hakuna haja. Alikuwa bado mtoto machoni pangu, ijapokuwa alikuwa ametimiza miaka ishirini. Nikamwambia yule mnunuzi angoje nirudi safari, kisha tuandikiane.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Vancouver, mji ulio magharibi mwa Kanada kwenye ufuo wa Bahari ya Pasifiki, ambako binti yangu ni muuguzi. Nilifika huko mwezi wa Aprili. Jumapili moja akanipeleka kutembea katika bustani kubwa iitwayo Stanley Park. Miti ya cheri ilikuwa imechanua maua ya rangi ya waridi, na katikati ya miti hiyo nikaona nguzo ndefu ya mawe, na juu ya nguzo, taa.

Nilimuuliza binti yangu taa ile ni ya nini mchana kutwa. Akanijibu, "Baba, hiyo ina hadithi ndefu. Tukirudi nitakupeleka kwa jirani yangu, yeye anaijua kuliko mimi."

Jirani mwenyewe alikuwa ajuza wa miaka 86, Mkanada mwenye asili ya Kijapani, aliyeishi peke yake mlango wa tatu kutoka kwa binti yangu. Alitukaribisha kwa chai isiyotiwa maziwa wala sukari. Niliyoyasikia kwa mama huyo, na niliyoyasoma baadaye katika maktaba ya mji ule, ndiyo ninayotaka kukusimulia leo.

Nguzo ile ilizinduliwa mwaka 1920. Iliwekwa kuwakumbuka wanaume wenye asili ya Kijapani waliokwenda Ulaya kuipigania Kanada katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa zaidi ya 200, na 54 kati yao hawakurudi. Jambo la kushangaza ni kwamba jimbo lao wenyewe, British Columbia, lilikataa kuwaandikisha jeshini, wakalazimika kuvuka milima hadi jimbo la Alberta ili wapokelewe. Waliomba wakafie nchi ambayo iliwanyima hata haki ya kupiga kura.

Mmoja wao aliitwa Masumi Mitsui. Alipanda cheo akawa sajini, na mwaka 1917 akatunukiwa medali ya ushujaa kwa mapigano ya mahali paitwapo Hill 70 huko Ufaransa. Aliporudi alinunua shamba katika mji wa Port Coquitlam karibu na Vancouver, akafuga kuku. Yeye na wenzake waliendelea kudai haki ya kura hadi mwaka 1931, ambapo bunge la jimbo liliwapa wale wanajeshi wa zamani haki hiyo. Watoto wao na jirani zao hawakupewa. Hata hivyo, ulikuwa mwanzo, na taa ya kule bustanini iliendelea kuwaka.

Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilishambulia kambi ya wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor. Kanada ikatangaza vita dhidi ya Japani siku iyo hiyo. Siku ya Krismasi Hong Kong ikaanguka mikononi mwa Wajapani, na humo mlikuwa na wanajeshi wa Kanada karibu 2,000. Sasa, mpenzi msomaji, jiweke mahali pa mvuvi aliyezaliwa Vancouver, asiyewahi kuiona Japani hata kwa ndoto. Sura yake ni sura ya adui. Katika siku zile za mwanzo serikali ilikamata mashua za uvuvi zipatazo 1,200. Magari, redio na kamera zikafuata, pamoja na amri ya kutotoka nje usiku.

Kati ya wakuu wa polisi na wa jeshi wenyewe walikuwamo waliosema kwamba hawaoni hatari yoyote kutoka kwa watu hao. Lakini wanasiasa wa British Columbia walipiga kelele, na kelele za siasa aghalabu husikika kuliko ripoti za wataalamu. Mwezi Februari mwaka 1942, serikali ya Waziri Mkuu William Lyon Mackenzie King ilitumia mamlaka ya Sheria ya Hatua za Vita kuamuru kwamba kila mtu wa asili ya Kijapani aondoke katika ukanda wa maili 100 kutoka pwani. Watu wapatao 22,000 wakang'olewa makwao. Takriban robo tatu yao walikuwa raia, wa kuzaliwa au wa kuandikishwa.

"Mimi nilikuwa na miaka mitano," yule mama alituambia. "Sikujua vita ni nini. Nilijua tu kwamba mama anafunga mizigo na halii, na hilo ndilo lililonitisha."

Kila mtu mzima aliruhusiwa kubeba mzigo wa pauni 150, na mtoto nusu yake. Familia yake ilipelekwa kwanza Hastings Park, uwanja wa maonyesho wa mji, na huko wanawake na watoto wakalazwa katika jengo lililotengenezewa mifugo. Alisema harufu ya ng'ombe haijamtoka puani hadi leo. Baba yake alitenganishwa nao, akapelekwa kambi ya kujenga barabara milimani.

Na vitu vilivyosalia nyumbani je? Hapa ndipo nilipoweka kikombe changu chini.

Serikali ilikuwa na ofisi iliyoitwa ya Mtunzaji wa Mali za Adui. Watu waliambiwa waiachie ofisi hiyo nyumba, mashamba, maduka, samani, kila kitu wasichoweza kubeba. Wakaahidiwa kwamba mali hiyo itatunzwa kwa niaba yao. Wakajaza fomu, wakaorodhesha sahani na viti, wakatia sahihi. Baba wa huyu mama alikuwa na nyumba ndogo na seremala yake. Mama yake alitia katika sanduku wale wanasesere wa mapambo ambao familia za Kijapani huwapanga sebuleni kila tarehe 3 Machi, siku ya wasichana. Sanduku akalipandisha darini. "Aliniambia watatungoja," mama yule alisema.

Kwa lugha yetu, msomaji, hiyo ni amana. Na amana si kitu kidogo kwetu. Wazee wetu walimhesabu mla amana sawa na mwizi, tena mwizi mbaya zaidi, kwa maana mwizi wa kawaida hukuahidi chochote.

Tarehe 19 Januari 1943, serikali ilitoa amri nyingine. Mtunzaji aliruhusiwa kuuza mali zote alizokabidhiwa, bila kuomba idhini ya wenyewe. Sababu zilitolewa, tena zenye mashiko. Nyumba zilikuwa zikiharibika. Wezi walikuwa wakivunja madirisha na kubeba vitu. Gharama za kutunza zilikuwa zikipanda. Ilisemekana kwamba kuuza ni kwa faida ya wenye mali wenyewe.

Naungama mbele yako kwamba niliposikia hayo uso uliniwaka. Nguzo za ua zinaibwa. Karo ni mzigo. Ni kwa faida yake mwenyewe. Nilikuwa nimesafiri maili maelfu kwenda kusikia maneno yangu yakisemwa na serikali ya watu wengine, miaka themanini iliyopita.

Zaidi ya mashamba 700 katika bonde la mto Fraser yaliuzwa kwa jumla kwa mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi watakaorudi kutoka vitani. Zingatia hilo vizuri. Masumi Mitsui alikuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani, lakini yeye naye alinyang'anywa shamba lake la kuku. Inasimuliwa kwamba alipoitwa kujiandikisha ili aondolewe pwani, alizitupa medali zake sakafuni mbele ya maofisa. Na taa ya bustanini ikazimwa mwaka uo huo wa 1942.

Fedha za mauzo zilikwenda wapi? Kwanza zilikatwa ada za madalali na gharama nyinginezo. Kilichobaki hakikutolewa kwa mkupuo, bali kilitolewa kidogo kidogo ili wenyewe wajilishe nacho kule walikofungiwa. Waliokuwa na mali walilazimika kula mali yao kwanza kabla ya kupewa msaada wowote. Kwa maneno mengine, watu walilipia kifungo chao wenyewe kwa nyumba zao wenyewe.

Kifungo chenyewe kilikuwa katika miji ya milimani iliyoachwa ukiwa tangu machimbo ya fedha yalipokwisha, kama Sandon na Kaslo, na katika kambi mpya kama Tashme. Jina hilo Tashme lasikika kama la Kijapani, ilhali liliundwa kwa herufi za mwanzo za majina ya maofisa watatu waliosimamia uhamisho, Taylor, Shirras na Mead. Vibanda vilikuwa vya mbao mbichi, na baridi ya kwanza ilipopiga, barafu iliganda kwenye kuta kwa ndani. Familia zilizokataa kutenganishwa na baba zao zilipelekwa kulima viazisukari katika majimbo ya Alberta na Manitoba.

Watu hawakunyamaza. Wenye mali waliandika barua za kupinga mauzo, na takriban 300 kati ya barua hizo zimehifadhiwa hadi leo. Watu waliandika kwa adabu, wakitaja bei waliyonunulia, wakieleza mti gani waliupanda mwaka gani, wakiuliza ni kwa sheria ipi kitu cha mtu kinauzwa akiwa hai. Majibu waliyopata yalikuwa mafupi.

Mwezi Agosti mwaka 1944, Waziri Mkuu King alikiri bungeni kwamba katika miaka yote ya vita hakuna hata mtu mmoja wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Kanada aliyeshtakiwa kwa hujuma au usaliti. Ungedhani hapo milango ya kambi ingefunguliwa. La. Mwaka 1945 watu walitakiwa kuchagua: wahamie mashariki ya milima ya Rocky, au wapelekwe Japani. Karibu 4,000 walisafirishwa hadi Japani iliyokuwa majivu, na wengi wao walikuwa raia wa Kanada. Vita viliisha mwaka 1945, lakini ruhusa ya kurudi pwani haikutolewa mpaka tarehe 1 Aprili 1949.

"Baba alirudi mara moja kuitazama nyumba," yule mama alitueleza. "Alisimama ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na watoto wa Kizungu wakicheza barazani. Hakubisha hodi. Alisema wale watoto hawana kosa."

Kisha akainuka taratibu, akatuletea karatasi iliyotiwa ndani ya plastiki. Ilikuwa hesabu ambayo baba yake alitumiwa na ofisi ya Mtunzaji. Kila kitu kilipigwa taipu kwenye mstari wake na bei yake: meza, cherehani, msumeno, randa. Chini yake makato, na chini ya makato salio. Nilikuwa karani maisha yangu yote, msomaji, na sijaona hesabu safi kama ile. Hapakuwa na kosa la kujumlisha. Akapitisha kidole kwenye mistari, akasema, "Sanduku la wanasesere halimo. Sijui liliuzwa, liliibwa au lilitupwa. Nyumba siikumbuki sana. Nawakumbuka wale wanasesere."

Wazazi wake hawakulizungumza jambo hilo tena. Kizazi chao kilinyamaza kwa aibu, kana kwamba wao ndio waliokosa. Walioanza kuuliza ni watoto. Miaka ya sabini na ya themanini, chama cha kitaifa cha Wakanada wa asili ya Kijapani kilianza kudai fidia, na wakati wa mazungumzo ya mwisho kiongozi wao alikuwa mwalimu aitwaye Art Miki. Serikali mara kwa mara ilitaka kutoa msamaha wa maneno, au fedha kwa jumuiya bila ya kuwatazama watu mmoja mmoja. Wao wakashikilia kwamba aliyenyang'anywa ana jina lake.

Mwaka 1985 taa ya Stanley Park iliwashwa tena. Aliyepewa heshima ya kuiwasha alikuwa Masumi Mitsui, mmoja wa wale wapiganaji wa zamani, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 95. Alifariki mwezi Aprili mwaka 1987.

Tarehe 22 Septemba 1988, Waziri Mkuu Brian Mulroney alisimama bungeni mjini Ottawa, akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Kila aliyekuwa hai kati ya walioonewa alilipwa dola 21,000. Waliohukumiwa kwa kuvunja zile amri walisafishwa majina yao, na waliopelekwa Japani wakarudishiwa uraia. Mwaka huo huo Sheria ya Hatua za Vita ilifutwa, ikawekwa nyingine inayowabana zaidi mawaziri wakati wa dharura. Waama, ni nchi chache zinazofika hapo, na Kanada inastahili sifa yake.

Lakini piga hesabu, msomaji. Kati ya kifo cha Mitsui na msamaha ule ni mwaka mmoja na nusu hivi. Baba wa mwenyeji wetu alikuwa ametangulia kwa miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza mama yule alifanya nini na zile dola. Alisema alilipia meno ya mwanawe, na kilichobaki akanunua jiwe la kaburi la wazazi wake. "Fedha zilikuwa za msaada," akasema. "Lakini wao ndio waliotia sahihi zile fomu. Wao ndio waliostahili kusikia kwamba walidanganywa. Mimi nilisikia kwa niaba yao, na si sawa."

Tulipotoka binti yangu alinitazama. "Baba, mbona umenyamaza hivyo?" Sikumwambia kitu usiku ule.

Nilirudi Nairobi mwezi wa Mei. Jumamosi ya kwanza nikampigia simu binti wa marehemu kaka, nikamwomba aje nyumbani. Alidhani kuna msiba. Nikamkalisha mezani, nikaitoa bahasha chini ya mablanketi, nikaiweka mbele yake. Nikamweleza babake aliniambia nini. Nikamweleza habari za mnunuzi na bei aliyotaja. Na kwa kuwa nilikwisha kuona hesabu safi isiyo na haki, nikamweleza na habari za paa langu.

Aliisoma ile karatasi polepole, jina la babake likiwa pale kwa wino wa serikali. Nilitarajia alie au anikasirikie. Akasema, "Baba mdogo, kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nilimwona mdogo. Akanyamaza, halafu akasema, "Sitaki kuuza wala kukataa sasa hivi. Nataka kwanza nikaione."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miaka kumi na miwili sikuwahi kumpeleka hata siku moja.

Tulipanda matatu Jumapili iliyofuata. Nguzo za ua zilikuwa zimebaki chache, na mbuzi wa watu walikuwa wakila ndani. Akaipima ploti kwa hatua zake, urefu kisha upana, akihesabu kwa sauti kama mtoto. Kisha akasimama kwenye pembe, akaniuliza babake alipenda kusimama upande gani. Nikamwonyesha.

Karo tumeilipa kwa kuchanga, na paa langu lingali linavuja. Mnunuzi alikwenda zake. Bahasha sasa iko kwa mwenyewe, na akiamua kuuza kesho, auze, ni chake.

Nawe, mpenzi msomaji, simama kidogo ukitazame kile cha watu kilichoko kwako, hasa kama sababu za kukiuza zimeanza kuwa nyingi na nzuri. Kama mwenyewe yu hai, mpigie simu leo. Usingoje mpaka msamaha wako usikilizwe na jiwe la kaburi.